Maji ni Hamali: Kuipoza Kompyuta kwa Fedha Kidogo

Mwaka 1998 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa ya bei nafuu iitwayo Celeron 300A, iliyokusudiwa wanunuzi wenye mkono mfupi, na iliyoruhusiwa rasmi kwenda kwa kasi ya megahezi 300 na isizidi hapo. Lakini haukupita muda mrefu wadadisi wakabaini kwamba mtu akiubadilisha mwendo wa njia inayoiunganisha prosesa hiyo na viungo vingine vya kompyuta, kutoka megahezi 66 hadi 100, kitu kile kile cha bei ya maskini hukimbia megahezi 450, sawa na prosesa za kampuni hiyo hiyo zilizokuwa zikiuzwa kwa mamia ya dola. Habari ilienea miongoni mwa vijana wa Marekani na Ulaya kama habari ya hazina iliyofukuliwa. Ila hazina hiyo ilikuwa na ushuru wake: kasi ikiongezwa, na hasa volti zikiongezwa pamoja nayo, joto nalo huongezeka, na prosesa iliyozidiwa na joto huvuruga hesabu, hugandisha skrini, na mwisho huzimika kabla mwenyewe hajahifadhi kazi yake. Feni ndogo za wakati ule zilivuma kama nyuki waliochokozwa na bado hazikufua dafu. Hapo ndipo watu wale, ambao aghalabu walikuwa wanafunzi na mafundi wasio na akiba, walipoanza kuyatazama maji.

Fikira yenyewe haikuwa mpya. Kampuni ya IBM, katika kompyuta yake kubwa ya 3081 iliyotangazwa mwaka 1980, iliyatumia maji kuvipoza vipande vya hesabu. Na mwaka 1985 Cray-2 ilitoka ikiwa viungo vyake vimezamishwa mzima mzima katika kiowevu kisichopitisha umeme, kiitwacho Fluorinert. Lakini hizo zilikuwa mashine za serikali, maabara na mashirika, zilizonunuliwa kwa mamilioni ya dola. Jambo jipya, mwishoni mwa karne ile, lilikuwa ni mtu mmoja mmoja, ndani ya chumba chake cha kulala, kuthubutu kufanya vivyo hivyo kwa vyuma vya skrepa.

Kabla ya kuvitaja vyuma hivyo, inafaa tuielewe kazi ya maji, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupotea njia na kupoteza fedha. Watu hudhani kwamba maji hulimeza joto likaisha. Hasha, maji ni hamali. Joto huzaliwa ndani ya prosesa, katika eneo ambalo halipiti ukubwa wa kucha chache za vidole. Hamali hulipokea pale, hulichukua mgongoni akipita ndani ya mpira, na hulitua mahali penye nafasi, yaani kwenye rejeta, ambapo feni hulipokea na kulitawanya hewani. Sifa ya hamali huyu ni nguvu za mgongo wake: lita moja ya maji, ikipanda joto kwa digrii moja tu, huwa imebeba mzigo ambao ungehitaji lita zaidi ya 3,000 za hewa kuubeba. Hata hivyo, hamali hodari namna gani, asipopata pa kuutua mzigo atasimama nao kichwani mpaka azidiwe. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo na ajue tangu mwanzo kwamba thamani ya mfumo wake itapimwa kwa upana wa rejeta na upepo unaopita humo, wala si kwa uzuri wa maji yanayozunguka.

Kutokana na hilo hufuata jambo ambalo wauzaji hawapendi kulitamka kwa sauti, nalo ni kwamba mfumo wa maji wa kawaida hauwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa ya chumba. Mtu wa Stockholm mwenye chumba cha digrii 18 na mtu wa Dar es Salaam mwenye chumba cha digrii 32, wakiwa na vifaa vya namna moja, maji ya huyu wa pili yatamzidi mwenzake kwa digrii zile zile 14, hata angeyapamba mabomba yake kwa taa za rangi saba. Mfumo uliotengenezwa vizuri huyaweka maji kiasi cha digrii 10 juu ya hewa inayouzunguka; basi mtu wa pwani na ajiandae kuwa na maji ya digrii 42 hivi, jambo ambalo halina hatari yoyote, madhali prosesa za siku hizi huvumilia digrii 90 na zaidi kabla hazijajipunguzia mwendo zenyewe.

Iko njia moja ya kulivuka sharti hilo, na wazee wetu waliijua kabla ya umeme kufika: mtungi. Maji hupenya katika vinyweleo vya udongo, upepo huyavukiza, na kila tone linaloondoka huondoka na sehemu ya joto la wenzake waliobaki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya wadadisi wa ng'ambo waliijenga hila hiyo kwa bomba pana la plastiki, la aina ipitishayo maji machafu ya nyumba, wakalisimamisha wima, wakayanyunyiza maji kutoka juu kwa kichwa cha bafu ya manyunyu huku feni ikisukuma hewa kutoka chini, nao wakapata maji yaliyo baridi kuliko vyumba vyao. Mtu wa Dodoma, penye hewa kavu, angeweza kuifaidi. Mtu wa Tanga au Mombasa, ambako nguo iliyoanikwa kivulini hushinda mbichi, asitarajie makubwa. Tena mnara huo hunywa maji usiku na mchana, na hukusanya vumbi na wadudu. Mimi nauona kuwa ni mchezo mzuri wa siku za likizo.

Sasa tuje kwenye skrepa. Gari la kawaida lina rejeta mbili: ile ya mbele inayojulikana na kila mtu, na nyingine ndogo, iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ambayo hupitishiwa maji moto ya injini ili feni iwapulizie abiria hewa ya vuguvugu wakati wa baridi. Kwetu pwani kifaa hicho hakina kazi, na yamkini dereva akafa bila kujua kwamba alikuwa nacho. Lakini katika majimbo ya theluji ya Marekani ni kitu cha lazima, na duka lolote la vipuri lilikuwa nacho kwa dola 20 au 30. Wadadisi wakafanya hesabu nyepesi: prosesa ya Athlon ya megahezi 1,400, ya mwaka 2001, iliyosifika kwa ukali wa joto lake, ilitoa wati 72, ilhali rejeta hiyo ya hita imeundwa kutoa joto la kilowati kadhaa, la kutosha kumpasha dereva moto katikati ya barafu, itashindwaje na wati 72? Wakaanza kuzuru maduka na makaburi ya magari wakiwa na futi mkononi, wakapima, wakalinganisha, wakabishana, hata majina mawili yakapata heshima kuliko yote: rejeta ya hita ya Pontiac Bonneville ya mwaka 1977, na ile ndogo ya Chevrolet Chevette. Hivyo gari lililokwisha kusahauliwa barabarani likawa linaulizwa kwa shauku na vijana ambao wengine walizaliwa baada yake.

Kazi ya kuitayarisha haikuhitaji karakana kubwa. Neli za awali zilikatwa, zikalehemiwa nyingine fupi zilizonyooka ili mpira ushike vema. Kisha rejeta ikasuuzwa kwa maji moto mara nyingi, maana mabaki ya dawa ya kulehemu yakibaki ndani huchafua mfumo mzima. Na kati ya rejeta na feni mafundi waliokuwa na maarifa waliweka sanduku la bati au plastiki lenye kina cha sentimita 3 hadi 5, kwa sababu kitovu cha feni hakipulizi kitu, na feni ikigandamizwa moja kwa moja kwenye mapezi ya rejeta, sehemu ya katikati hukosa upepo. Nafasi ile ndogo huipa hewa fursa ya kutawanyika na kuugusa uso wote. Sanduku hilo haligharimu chochote, na manufaa yake huonekana hasa kwa mwenye feni dhaifu.

Sababu ya kutafutwa kwa magari ya zamani, badala ya mapya, ilikuwa ni metali. Rejeta za zamani zilikuwa za shaba nyekundu na shaba ya manjano, ilhali za miaka ya baadaye aghalabu ni za alumini. Na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa kuwa katika jambo hili ubahili umewaponza watu wengi kuliko katika mengine yote. Bloku ya maji, yaani kile kipande kinachoikalia prosesa na kupitisha maji ndani yake, karibu kila mara ni ya shaba, kwa sababu shaba hupitisha joto kwa wepesi unaokaribia mara mbili ya alumini. Mtu akiiunganisha bloku hiyo na rejeta ya alumini aliyoipata kwa bei ya kutupa, huwa ametengeneza betri bila kukusudia: metali mbili zisizolingana, zimeguswa na maji yale yale na kuunganishwa na kasha la chuma, na ile iliyo dhaifu, ambayo ni alumini, huanza kujitoa chembe chembe na kuyeyuka. Kwa miezi ya mwanzo haonekani adui. Niliwahi kuitwa na kijana mmoja ambaye prosesa yake ilikuwa ikipanda joto wiki baada ya wiki ilhali pampu inazunguka na feni zinavuma. Tulipoifungua bloku tukakuta njia zake nyembamba zimezibwa na tope jeupe kama uji wa muhogo, nayo ndiyo ilikuwa rejeta yake, iliyosafiri kidogo kidogo kutoka upande mmoja wa kasha hadi mwingine. Rejeta yenyewe ilivuja baada ya siku chache.

Msomaji mjuzi ataniuliza, mbona mifumo iliyofungwa tayari, ile inayouzwa dukani ikiwa na maji yake ndani, nyingi yake ina bloku ya shaba na rejeta ya alumini, na hudumu miaka? Ni kweli, lakini ndani yake mna dawa za kuzuia ulikaji zilizopimwa kiwandani, na mfumo umezibwa usiingize hewa, tena hata huo haukuahidiwa umri wa kobe. Anayejijengea mwenyewe, atakayefungua na kufunga na kuongeza maji mara kwa mara, na ashikamane na ukoo mmoja: shaba nyekundu, shaba ya manjano, na nikeli iliyopakwa juu yake. Kuitambua alumini si kazi. Ni nyepesi mno mkononi, na ukiikwaruza kwa ncha ya kisu mahali pasipoonekana, chini ya rangi nyeusi utakuta weupe badala ya wekundu au umanjano. Rejeta nyingi mpya za bei ya chini kabisa zitafeli mtihani huo wa kisu, na skrepa za magari ya miaka ya karibuni vile vile.

Pampu ni moyo, na moyo haununuliwi kwa kubahatisha. Wale wa kwanza walizichukua pampu za matangi ya samaki wa mapambo, hasa za kampuni ya Eheim ya Ujerumani, zenye sifa ya ukimya na umri mrefu. Kasoro yake ilikuwa kwamba zilikula umeme wa ukutani, si umeme wa kompyuta, na mtu aliyeiwasha kompyuta akasahau pampu aliyachemsha maji yaliyosimama, hata ikabidi watu wafunge relei ili kimoja kikiwaka na kingine kiwake. Siku hizi zipo pampu za volti 12, maarufu zaidi zikiwa D5 na DDC zilizotokana na kampuni ya Laing, ambazo huchomekwa moja kwa moja kwenye pawa saplai. Vijipampu vya chemchemi za bustani hupatikana kwa thamani ya sahani ya wali, nami simshauri mtu avitumie kwenye mashine anayoitegemea, kwa kuwa pampu ikifa usiku mfumo wote hugeuka blanketi. Heri kuinunua D5 iliyokwisha kutumika, ukaifungua, ukaisafisha, kuliko kununua mpya isiyo na asili. Pampu hizi hulainishwa na maji yenyewe yapitayo ndani yake, kwa hiyo zikizungushwa zikiwa tupu hujisaga. Ndiyo maana birika la maji huwekwa juu ya pampu, ili maji yateremke yenyewe kuijaza kabla haijawashwa. Birika lenyewe laweza kuwa kitu chochote cha plastiki ngumu chenye mfuniko unaoziba.

Kuhusu bloku, zamani fundi alikata kipande cha shaba, akakitoboa njia kwa keekee, akakisugua uso wake kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo mpaka ukawa sawa kabisa. Sanaa hiyo naiheshimu, lakini leo haina maslahi ya fedha: kampuni za Uchina kama Barrow na Bykski huuza bloku zenye mifereji myembamba kuliko milimita moja, ambayo hakuna keekee ya nyumbani itakayoiiga, na wembamba huo ndio unaoongeza eneo la shaba linaloguswa na maji. Nunua, ukihakikisha tu kwamba vishikizo vyake vinalingana na ubaomama wako.

Maji ya bomba hayafai. Yana chumvi na chokaa, na ya visima vya pwani ndiyo kabisa. Yatumike maji yaliyokenekwa, ambayo gereji huyauza kwa ajili ya kuongezea betri. Hapa muulize muuzaji kwa makini, kwa maana kwa baadhi ya watu jina la maji ya betri humaanisha tindikali, na tofauti hiyo si ya kugundua kwa kuonja. Maji matupu, hata yawe safi namna gani, baada ya miezi huota mwani na ute, basi huchanganywa na kulanti ya magari, kiasi cha sehemu moja kwa tisa, ambayo huzuia viumbe na pia hupunguza ulikaji. Kulanti iwekwe mbali na watoto na mbwa, kwani ina utamu nayo ni sumu. Wapo pia wasemao kwamba maji yaliyokenekwa hayapitishi umeme, na kwa hiyo hayana madhara yakivuja. Katika chupa ni karibu na kweli. Lakini yakishazunguka siku kadhaa ndani ya shaba na vumbi hupitisha umeme vizuri tu.

Wengi hukesha wakijadili nani atangulie: rejeta kabla ya prosesa, au kadi ya michoro kabla ya rejeta? Hesabu inamaliza ubishi. Maji yakizunguka kwa lita 4 kwa dakika na kupokea wati 200, hupanda kwa kiasi kisichofika digrii 1 kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea. Panga vifaa kwa namna itakayofanya mpira uwe mfupi na usikunjike.

Na asiye hata na bei ya rejeta? Wapo waliotumia ndoo. Ndoo ya lita 20 ikipokea wati 200 hupanda digrii 8 hivi kila saa, tukikiacha kile kidogo kinachopotea hewani. Basi mwanafunzi mwenye kazi ya saa moja au mbili ataimaliza salama, kisha ataiacha ndoo ilale mpaka asubuhi ipoe. Asijaribu kutia barafu ndani yake akiwa pwani. Bloku ikiwa baridi kuliko hewa yenye unyevu, umande huigandama kama unavyoigandama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na umande huo hutiririka juu ya ubaomama bila mpira wowote kuvuja.

Kwa insafu, sharti niseme kwamba kwa mashine nyingi gharama hii yote haihitajiki. Kipozeo kizuri cha hewa, chenye neli za shaba na feni moja pana, huitosheleza prosesa ya kawaida, hakivuji, na mtu hukifunga kwa nusu saa. Maji huanza kujitetea mahali mzigo ulipo mkubwa: prosesa kama Core i9-13900K ya mwaka 2022, inayoweza kufikia wati 253, au kadi ya michoro kama RTX 4090 ya mwaka huo huo yenye wati 450, na zaidi zikikaa katika kasha moja. Hapo rejeta moja ya feni mbili za milimita 120 haitoshi. Watu wa kazi hii hukadiria walau feni moja ya namna hiyo kwa kila kifaa kinachopozwa, kisha huongeza nyingine kwa tahadhari, na kwa joto la kwetu mimi ningeongeza mbili.

Vifaa vikishakusanywa, kufunga kwenyewe hakuchukui muda. Kinachochukua muda ni kungoja. Kila kiungo hukazwa kwa klipu ya chuma, birika hujazwa, na pawa saplai, ikiwa imechomolewa ukutani, hutenganishwa na ubaomama kabisa, ikaachiwa pampu peke yake; kisha katika plagi yake kubwa yenye matundu 24, waya wa kijani huunganishwa na mmoja wa nyeusi kwa kipande kifupi cha waya, ili umeme ukirudishwa ikubali kuwaka ilhali kompyuta imelala. Maji huanza kukimbia yakikoroma kwa hewa iliyonaswa. Kasha huinamishwa huku na huku, mapovu hupanda kwenye birika, na maji huongezwa kadiri yanavyoshuka, mpaka mkoromo ukatike. Ndipo karatasi nyeupe za chooni hutandazwa chini ya kila kiungo, kwa kuwa macho hudanganyika lakini karatasi haifichi tone, na mfumo huachwa uzunguke saa 24. Siku ya pili pitisha kidole juu ya kila karatasi. Moja ikiwa na doa, hata kama ni dogo kama la chozi, kaza klipu, weka karatasi mpya, na uzihesabu saa 24 upya.